Saa Moja ya Jumatano na Usiku Mmoja wa Mwezi: Uchambuzi wa Kisa cha Kipindi cha Roki ya Gereji Nairobi

Kisa hiki kinahusu kipindi cha redio cha saa moja kwa wiki na usiku wa santuri wa mara moja kwa mwezi, vyote vya muziki wa roki ya gereji, vilivyoendeshwa na watu watatu jijini Nairobi kwa muda wa miaka miwili hivi. Nimeondoa jina la stesheni, la baa, la mtaa, la bendi zilizoshiriki na la kila mhusika, na nimebadilisha mambo machache ambayo yangewatambulisha watu bila kumsaidia msomaji kuelewa kilichotokea. Nilisaidia kupanga vyombo vya sauti kuanzia usiku wa pili, na nilikuwapo katika vikao viwili ambamo uamuzi mbaya kuliko yote ulifanywa. Sikuupinga, kwa hiyo ninapoukosoa hapa chini lawama ni yangu pia.

Usuli

Roki ya gereji ni jina ulilopewa baadaye muziki wa vijana wa Marekani wa miaka ya 1960 waliokuwa wakifanyia mazoezi katika vibanda vya kuegeshea magari ya wazazi wao, wakitumia magitaa ya bei nafuu, vikuza sauti vidogo vilivyopandishwa kupita uwezo wake, na studio walizozilipia kwa saa chache tu. Nyimbo zao ni fupi, mara nyingi dakika mbili na nusu, na gitaa lake hukwaruza kwa sababu umeme wa sauti umesukumwa hadi ukapasuka. Kisichosemwa vya kutosha ni kwamba muziki huu uliishi kwa redio za miji midogo. Mwaka 1966 bendi ya vijana wa Michigan, watoto wa familia za asili ya Meksiko, ilifika nafasi ya kwanza Marekani nzima na wimbo uliotoka katika lebo ndogo ya kwao, na uliopigwa kwanza na stesheni za jirani kabla kampuni kubwa haijauchukua. Bila mtangazaji wa mji kuwa huru kupiga santuri aliyoletewa mkononi, wimbo ule usingevuka mipaka ya jimbo lake.

Afrika Mashariki na majirani zake walikuwa na sauti za jamaa moja na hiyo. Nairobi ya miaka ya 1970 ilikuwa na bendi ya Black Savage. Kenya hiyohiyo ilimtoa mwimbaji Slim Ali na bendi yake ya Hodi Boys. Dar es Salaam ilikuwa na bendi ya Sunburst. Na Zambia ilizaa mtindo mzima ulioitwa Zamrock, wenye bendi kama WITCH na Musi-O-Tunya, ambao gitaa lao la kukwaruza lilikaa juu ya midundo ya nyumbani. Musi-O-Tunya walifika Nairobi kurekodi. Jiji hili halikuwa mgeni wa muziki huo, ila lilikuwa limeusahau.

Wakati kisa kinaanza, palikuwa na bendi nne za vijana tulizozijua zilizokuwa zikipiga roki ya aina hii, mbili kati yake zikifanyia mazoezi ndani ya kontena. Hazikuwa na mahali pa kusikika. Wahusika wetu watatu walikuwa mtangazaji, ambaye ni mwalimu wa shule ya sekondari. Dijei, mkusanyaji wa santuri aliyezipata nyingi katika vibanda vya Kenyatta Market. Na mratibu, aliyeshika fedha, ujumbe wa simu na mazungumzo na wenye kumbi. Stesheni ilikuwa redio ndogo ya jamii, na iliwapa saa tatu hadi saa nne usiku kila Jumatano, bila malipo kwa upande wowote.

Miezi sita ya redio peke yake

Jambo la kwanza lililotokea linaonyesha umbali uliokuwapo kati ya muziki na wasikilizaji. Kipindi kilikuwa na neno "gereji" katika jina lake, na kwa wiki tatu mfululizo watu walituma ujumbe wakiuliza bei za vipuri na kuomba waelekezwe kwa fundi mwaminifu wa Grogan, eneo la mafundi wa magari jijini. Mtangazaji hakubadilisha jina kwa haraka. Aliamua kwamba kila kipindi kingeanza kwa maelezo ya dakika mbili, kwa Kiswahili cha kawaida, kuhusu gereji hii ni ipi na kwa nini gitaa linasikika kana kwamba spika imechanika. Kabla ya kila wimbo alisema nani anapiga, walikuwa na umri gani, walirekodi wapi, na msikilizaji ategee sikio kitu gani. Uamuzi huu ulipunguza nyimbo kutoka kumi na nane hadi kumi na mbili kwa saa, na dijei aliulalamikia. Mtangazaji alimjibu kwamba wimbo usioeleweka umepotea hata ukipigwa mara kumi.

Tatizo la pili lilikuwa la kiufundi. Santuri nyingi za zamani za aina hii zilirekodiwa kwa mkondo mmoja wa sauti (mono), na tayari zimebanwa sana tangu studio, yaani tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo imepunguzwa. Mtambo wa stesheni nao ulibana kila kinachopita ili sauti isizidi kiwango. Wimbo uliobanwa mara mbili ulitoka hewani kama uji: ngoma, gitaa na sauti ya mwimbaji vikiwa kitu kimoja. Fundi wa stesheni alikubali kushusha kiwango cha sauti inayoingia mtamboni ndani ya saa ile na kuzima urushaji wa mikondo miwili (stereo), jambo ambalo pia lilipunguza mchakacho kwa wasikilizaji wa pembezoni, kwa kuwa masafa ya FM husikika safi zaidi mbali yanapobeba mkondo mmoja. Ilikuwa kazi ya dakika tano, na ninaamini ndiyo iliyokibakiza kipindi hai.

Kufikia mwezi wa tano ujumbe ulikuwa umebadilika. Watu walikuwa wakiomba nyimbo kwa majina, wakisahihisha matamshi, na wakiuliza swali lililozaa sehemu ya pili ya kisa hiki: tutakutana wapi?

Usiku wa kwanza, na kwa nini sakafu ilikuwa tupu

Mratibu alipata baa ya ghorofa ya chini katika mtaa wa wastani, karibu na barabara ya matatu. Makubaliano yalikuwa mepesi: mwenye baa anauza vinywaji, wao wanatoza kiingilio cha shilingi 200, na hakuna anayemdai mwenzake. Walichagua Ijumaa, saa mbili usiku.

Walikuja watu wapatao hamsini. Vinanda viwili vya santuri viliwekwa juu ya jukwaa la mbao, na chini ya jukwaa hilohilo zikawekwa spika za besi. Yeyote aliyewahi kupiga santuri ukumbini anajua kilichofuata. Spika zilitikisa mbao, mbao zikatikisa sindano, sindano ikarudisha mtikisiko ule kwenye spika, na ukazuka mngurumo uliomeza kila wimbo sauti ilipopandishwa. Waliupiga muziki kwa sauti ya chini usiku kucha. Hilo walilieleza kuwa ndiyo sababu ya watu kutocheza.

Haikuwa sababu pekee, na pengine haikuwa kubwa. Dijei alikuwa amejaza sanduku lake vitu adimu: upande wa pili wa santuri ambazo hata wakusanyaji wenzake hawakuwa nazo. Kwake ulikuwa ukarimu, kwa kuwa alileta kilicho bora. Watu walisimama kando ya ukuta wakisikiliza kwa heshima. Karibu saa nne na nusu, akiwa amechoka, aliweka wimbo wa WITCH ambao mtangazaji alikuwa ameueleza na kuupiga Jumatano mbili mfululizo, na ukumbi wote ukaingia sakafuni kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Nusu saa baadaye, polisi walipita kukumbusha kwamba saa za baa zimekwisha.

Katika kikao cha Jumatatu yalifanywa maamuzi matatu.

La kwanza lilihusu vyombo, na hapo ndipo nilipoitwa. Tuliviondoa vinanda jukwaani tukaviweka juu ya vigae viwili vizito vya zege vilivyokaa sakafuni, na kati ya kigae na sakafu tukaweka sponji nene. Spika za besi zilihamishiwa upande wa pili wa ukumbi, sauti za chini kabisa zikakatwa, kwa kuwa santuri hizi hazina kitu huko isipokuwa mtikisiko, na mikondo miwili ikaunganishwa kuwa mmoja ili aliye upande wa kushoto na wa kulia wasikie gitaa lilelile. Gharama yote haikufika bei ya sindano moja mpya.

La pili lilihusu muda. Chini ya sheria ya vileo ya mwaka 2010, baa ya kawaida nchini Kenya iliruhusiwa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana mwisho wa juma. Walikuwa wameanza saa mbili kwa mazoea ya vilabu, wakabakiwa na saa tatu tu. Walihamia Jumamosi, kuanzia saa kumi jioni hadi saa nne usiku. Mratibu aliogopa kwamba hakuna atakayekubali kucheza roki jua likiwaka. Walikubali, tena wakaja wanawake wengi zaidi, kwa sababu matatu bado zilikuwapo wakati wa kurudi na nauli ilikuwa haijapanda. Majirani nao, ambao wangeweza kutushtaki chini ya kanuni za kelele za mwaka 2009, hawakulalamika hata mara moja.

La tatu ndilo kiini cha kisa hiki. Walikubaliana kwamba theluthi mbili za nyimbo za kila usiku ziwe zimepigwa redioni ndani ya Jumatano nne zilizotangulia, na theluthi moja iwe mpya, nayo irudi redioni Jumatano inayofuata pamoja na maelezo yake. Redio ingefundisha sikio, sakafu ingejaribu kilichofundishwa, na sakafu nayo ingeiambia redio nini cha kueleza zaidi.

Miezi iliyofanikiwa

Kuanzia usiku wa pili hadi wa tisa kazi ilikwenda vizuri. Nitalikaa kidogo suala la upigaji wenyewe, kwa sababu dijei aliyezoea muziki wa kompyuta hushindwa hapa. Wapiga ngoma wa gereji hawakucheza kwa kipima mwendo. Huanza polepole na kumaliza mbio. Kuoanisha midundo ya nyimbo mbili, ambako ndiko ufundi wa vilabu vya leo, hakuwezekani. Tena wimbo wa dakika mbili na nusu unamaanisha nyimbo zipatazo ishirini na nne kwa saa, na kila moja inahitaji santuri kutolewa ndani ya jalada, kufutwa vumbi, kuwekwa na kutegwa. Dijei alijifunza kupanga santuri kwa makundi ya tano tano yanayofuatana kwa hisia, akiacha kimya cha nusu pumzi kati ya wimbo na wimbo badala ya kulazimisha kuunganisha. Kimya kile kilikuja kupendwa, maana watu walipiga kelele ndani yake.

Kuanzia usiku wa nne bendi moja ya vijana ilipewa dakika ishirini katikati. Si zaidi, ingawa bendi ziliomba zaidi. Sababu ilikuwa kwamba bendi changa ina nyimbo tano nzuri na kumi zisizoiva, na hadhira inayoondoka ikitamani zaidi huituma bendi ikatunge. Dakika zile zilirekodiwa, na wimbo mmoja ulipigwa redioni Jumatano iliyofuata ukitanguliwa na wa Black Savage au wa Sunburst. Mtangazaji aliupanga hivyo makusudi, ili kijana wa kontena asikike kama mjukuu wa muziki wa hapa na si kama mwigaji wa Wamarekani. Ninauhesabu huo kuwa uamuzi wenye akili kuliko yote aliyoyafanya.

Usiku wa tisa tulihesabu watu mia moja na arobaini katika ukumbi wa watu mia.

Kuhama

Umati ule ndio uliotuponza. Klabu kubwa zaidi, ya upande mwingine wa jiji, ilitoa mwaliko: ukumbi wa watu mia nne, vyombo bora, ruhusa ya kupiga hadi usiku wa manane, na mfadhili mwenye bidhaa ya kutangaza. Vikao viwili vilifanyika. Hoja za kuhama zilikuwa za kweli: watu walikuwa wakigeuzwa mlangoni, mwenye baa hakuwa na nia ya kupanua, na hakuna hata mmoja wa watatu aliyekuwa amelipwa shilingi moja kwa miezi kumi na mitano. Mtangazaji alikuwa akisahihisha mitihani usiku na kutangaza akiwa na usingizi. Hakuna aliyeuliza wasikilizaji wa Jumatano wanakaa wapi na wanarudije nyumbani. Taarifa hiyo ilikuwa ndani ya simu ya mratibu, katika ujumbe wa miezi yote ile, mtaa kwa mtaa.

Mambo manne yalibadilika kwa pamoja, na kwa sababu yalikuja pamoja ilichukua muda kuelewa lipi lilifanya nini. Kiingilio kilipanda hadi shilingi 1,000. Muda ukahamia saa tatu usiku. Mfadhili akaomba, kwa adabu, kwamba nyimbo ziwe "zinazojulikana", akimaanisha roki maarufu ya dunia nzima. Na mtangazaji, ili apumzike, akaanza kurekodi vipindi vinne kwa siku moja mwanzoni mwa mwezi.

Usiku wa kumi, ambao ulikuwa wa kwanza pale klabu, ulijaa. Wa kumi na moja ulijaa nusu, na nyuso nyingi zilikuwa ngeni. Wa kumi na mbili bendi ilipiga mbele ya watu waliokuwa wakiitazama simu. Baada ya wa kumi na tatu klabu ilimaliza makubaliano kwa ujumbe mfupi, na mfadhili hakuonekana tena.

Kurudi na matokeo

Mwenye baa ya kwanza aliwapokea bila maneno mengi. Usiku wa kumi na nne walikuja watu thelathini. Kiingilio kilirudi shilingi 200, saa zikarudi zile za jioni, na kipindi kikarudi moja kwa moja hewani, safari hii mtangazaji akipokezana na vijana wawili waliotoka katika bendi. Hadi mwisho wa kipindi ninachokieleza, hadhira ilikuwa imetulia kati ya themanini na mia moja. Bendi moja kati ya nne ilikuwa imevunjika, mbili zilikuwa zimetoa rekodi zao wenyewe, na moja ilikuwa imebadilisha mtindo. Hakuna aliyetajirika, fedha ya kiingilio ilitosha sindano, usafiri wa vyombo na chakula cha wapigaji.

Uchambuzi

Wengi waliokijua kisa hiki husema kwamba kosa lilikuwa kumkubali mfadhili. Sikubaliani nao. Mfadhili aliomba nyimbo maarufu, lakini dijei aliendelea kupiga zake kwa zaidi ya nusu ya usiku, na hata hizo hazikuamsha mtu. Nilipopitia tena ujumbe uliotumwa stesheni, niliona kwamba uliporomoka mara tu vipindi vilipoanza kurekodiwa kabla, mapema kuliko idadi ya watu ukumbini ilivyoporomoka. Msikilizaji aliyezoea kusikia jina lake na swali lake vikijibiwa palepale alinyamaza. Na kwa kuwa vipindi vilirekodiwa mwanzoni mwa mwezi, nyimbo mpya za usiku uliopita hazikurudi tena hewani na maelezo yake, wala nyimbo zilizoombwa wiki hii hazikufika ukumbini Jumamosi. Ule mzunguko wa theluthi mbili na theluthi moja ulikatika bila mtu kuamua ukatwe. Klabu ingekuwa katika mtaa uleule na kiingilio kingebaki kilekile, bado naamini sakafu ingepoa, ingawa polepole zaidi.

Uchovu wa mtangazaji ulikuwa halisi, na dawa yake ilikuwapo tangu mwanzo: vijana wa bendi walikuwa tayari kutangaza, na walipopewa nafasi baadaye waliifanya vizuri. Hawakuulizwa kwa sababu watatu wale waliwaona kama wageni wa kipindi, si wenyeji wake. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa santuri. Sanduku lote lilikuwa la mtu mmoja, na mwezi alipougua, usiku wa saba, tulihangaika kuazima.

Kiingilio kilifanya madhara yake, lakini nauli ilifanya zaidi. Mtu aliyelipa 200 na kurudi kwa matatu saa nne usiku alitakiwa sasa kulipa 1,000 na kutafuta teksi ya kuvuka jiji saa nane. Kwa kijana wa kontena gharama ile ilizidi mapato ya siku kadhaa, na yeye ndiye aliyekuwa akianzisha kucheza.

Kosa moja halikuathiri hadhira hata kidogo, na kwa hiyo lilidumu muda mrefu. Stesheni ilikuwa na leseni yake ya muziki, na baa ilikuwa na yake. Kwa hiyo kila mmoja aliamini kwamba haki za wanamuziki zimeshughulikiwa. Lakini leseni ni malipo ya jumla. Ili sehemu yake imfikie mtunzi, mpigaji au mwenye rekodi, lazima pawepo orodha inayoonyesha nini kilipigwa, na nyimbo za bendi za Nairobi na Dar es Salaam za miaka ya 1970 ndizo zinazopotea kwanza pasipo orodha, kwa kuwa hakuna stesheni kubwa inayozipiga ili zihesabiwe kwingine. Baadhi ya waliozipiga bado wako hai. Sisi tuliosimama mbele ya umati tukisema kwamba muziki huu umesahauliwa hatukuandika hata majina yake. Daftari lilianza usiku wa kumi na tano, likiandikwa na mmoja wa vijana wale wawili, jina la wimbo, bendi, lebo na saa. Nyimbo za usiku kumi na nne zilizotangulia hazimo popote.